Kabla ya Siku ya Tatu

Nilitia sahihi. Ningependa kuianza habari hii mahali pengine, lakini kila nikijaribu kuisimulia najikuta nimesimama tena kwenye ukumbi wa hospitali pale Tanga, saa nne asubuhi, siku ya pili baada ya mke wangu kujifungua, kalamu ya nesi mkononi mwangu na dada yangu nyuma ya bega langu. Karatasi iliandikwa kwa Kiingereza. Ilisema kwamba mimi, baba wa mtoto, namtoa mtoto na mama yake hospitalini kwa hiari yangu kabla daktari hajamwona mtoto. Mistari mitatu tu. Dada hakuweza kuisoma. Mke wangu hakuweza kuisoma. Mimi niliisoma mara mbili, nikaielewa neno kwa neno, kisha nikatia sahihi yangu ya kiofisi, ile yenye mkia mrefu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Nilikuwa nimemaliza sekondari, jambo ambalo mtaani kwetu Ngamiani watu wachache walikuwa wamelifikia, na nilikuwa karani wa forodha bandarini. Kazi yangu ilikuwa kufungua makasha ya watu nione kilichomo. Hakuna kasha lililopita mbele yangu bila kufunguliwa, na mwenye mali akinung'unika nilimwambia kwa upole kwamba huo ndio utaratibu. Lakini mwanangu mwenyewe nilimpitisha bila kuangaliwa.

Nesi wa wodi ile alikuwa Mbondei wa upande wa Muheza, mwanamke mfupi mwenye sauti kavu. Alikuwa na mazoea yake, ambayo alisema alifundishwa na daktari aliyemlea kazini. Mtoto hakuondoka wodini kwake mpaka asubuhi ya siku ya tatu. Asubuhi hiyo watoto walipangwa mmoja mmoja kwenye meza iliyo karibu na dirisha, wakavuliwa nguo zote. Nesi alitazama midomo, ulimi na kucha kwenye mwanga wa jua, akaweka vidole viwili kwenye kinena kusikia kama damu inapiga sawasawa kuelekea miguuni. Kisha daktari alikuja na mipira yake masikioni, akasikiliza kifua. Nilimuuliza kwa nini siku ya tatu na si ya kwanza. Akanijibu kwamba moyo wa mtoto mchanga bado unajipanga, na kuna sauti ambazo hazisikiki mpaka damu ishike njia zake mpya.

Dada yangu hakutaka kusikia habari ya meza ile. Alikuwa ameiona asubuhi, watoto wa watu wengine wakivuliwa, na wanawake waliokuja kutazama wagonjwa wamejaa dirishani wakichungulia.

"Mtoto hajatimiza hata siku saba," alimwambia nesi, "avuliwe nguo kama kuku anayenyonyolewa, mbele ya macho ambayo hatujui yametoka wapi?"

"Dada yangu," nesi akajibu, "mimi simwangalii ili nimsifu. Namwangalia ili nijue."

"Ujue nini? Ana mikono miwili, ana miguu miwili. Hata miye nimehesabu."

"Ukiweza kuhesabu na mapigo ya moyo wake, nitawafungulia mlango mwenyewe."

"Moyo!" Dada akageukia vitanda vingine, maana alipenda kuwa na watu wa kumsikiliza. "Mwasikia, jamani? Mtoto wa juzi, moyo unamsumbua. Kwani ameolewa akaachwa?"

Wanawake wakacheka wodi nzima. Mke wangu naye alitabasamu kidogo, huku amemlaza mtoto kifuani. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Nilimwoa Mkwaja, kijijini kwao, hata mwaka haukuwa umetimia tangu aingie nyumbani kwetu, na bado alimwogopa dada kama mtu anavyomwogopa mama mkwe. Alikuwa na haki, maana dada ndiye aliyekuwa mama kwetu. Wazazi wetu walikufa nikiwa mdogo, akanilea kwa kuuza vitumbua barazani, na kila kitabu nilichosoma kilipita kwenye kikaango chake.

Nesi alinivuta kando, karibu na mlango.

"Bwana, wewe umesoma," alisema kwa sauti ya chini. "Mtoto huyu akinyonya anahema. Jana jioni paji lake lilikuwa na jasho, na wenzake wote wamefunikwa mablanketi. Pengine si kitu. Wengi huwa si kitu. Lakini mwache mpaka kesho asikilizwe."

Mpaka kesho. Hakuniomba zaidi ya hapo.

Nilirudi kwa dada nikamwambia tungoje siku moja. Hakupandisha sauti. Alifunga kanga yake vizuri kichwani, akasema, "Kwenda kuzaa hospitali ulitaka weye, nikanyamaza. Mtaa mzima ukasema kijana wangu amekuwa Mzungu, nikanyamaza. Chumba nimekitandika, mkandaji anangoja tangu alfajiri, maji yako motoni. Sasa ukimwacha mwanangu juu ya meza ile, basi dada yako ni huyo Mbondei."

Nikaona kwamba nilikuwa nimeshapata nilichotaka, mke wangu amejifungua salama mikononi mwa watu wenye ujuzi, na kwamba haikuwa vibaya kumpa dada siku moja kama malipo ya heshima. Ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba niliogopa kuonekana nimeelimika kupita kiasi. Nesi alipoona nimechukua kalamu alitazama pembeni.

*

Arubaini ilipita kama inavyopita. Mke wangu na mtoto walikaa chumba cha nyuma, pazia limeshushwa, mafusho yanafukizwa asubuhi na jioni, mimi nalala chumba cha mbele. Niliruhusiwa kuingia kidogo, nikimkuta mtoto amefungwa nguo mpaka kidevuni, ana wanja kwenye nyusi na uzi mweusi mkononi. Alikuwa msichana. Mle ndani mlikuwa na giza na moshi wa udi, na katika giza lile watoto wote wanafanana. Mara mbili nilimwona akiacha titi katikati, akigeuza uso, akipumua kama mtu aliyepanda kilima. Mara zote mbili mkandaji alisema mtoto ameshiba.

Alipotolewa nje siku ya arobaini, jua lilimpiga usoni. Wanawake waliokuja walikuwa wameandaa vigelegele, vikapigwa, lakini vilikatika mapema. Mtoto alikuwa kama alivyozaliwa. Pengine alikuwa mdogo zaidi.

Miezi ikaenda. Mwezi wa nne mbavu zake zilionekana. Hakuwa na homa, hakuwa akihara, maziwa ya mama yake yalikuwa tele mpaka yanalowanisha kanga. Ananyonya kidogo, anatoka jasho kichwa kizima, anaacha, analia bila nguvu, analala. Akilala, kile kishimo chini ya koo kinaingia na kutoka haraka haraka.

Wa kwanza kulisema lile neno alikuwa jirani, lakini alilisema kwa sababu dada alikuwa ameshalifikiria. Mtoto amebemendwa. Asiyekulia pwani huenda hajui uzito wa neno hilo. Mtoto anayenyonya akikonda bila ugonjwa unaojulikana, watu husema mmoja wa wazazi wake ametoka nje ya ndoa, akarudi na uchafu wa huko, akamgusa mtoto nao. Hakuna kipimo wala shahidi. Mwili wa mtoto wenyewe ndio ushahidi, na kila siku anayokonda ushahidi unaongezeka.

Dada alinitendea haki, nikitumia neno hilo. Alianza na mimi.

"Umetoka nje?"

"Sijatoka."

"Apa."

Nikaapa kwa Mwenyezi Mungu, na kiapo kilikuwa cha kweli.

"Basi," alisema dada.

Neno hilo moja lilinitosha. Ajabu yake mpaka leo inanishangaza. Nilikuwa nimejifunza hesabu na elimu ya viumbe, nilikuwa nimechora moyo wa ng'ombe kwenye daftari nikaupaka rangi nyekundu na buluu, na bado, dada aliposema "basi", kichwa changu kilitoa hesabu ile ile: tuko wawili, mmoja ameapa, amebaki mmoja.

Tulimwita mke wangu uani mchana, baada ya chakula. Alikuwa amembeba mtoto begani.

"Wifi," dada akaanza, "mtoto huyu ana nini?"

"Miye ndiye wa kuuliza, dada. Nimesema apelekwe hospitali, mkasema dawa ya kizee inatosha."

"Hospitali hawana dawa ya jambo hili. Jambo hili linataka mtu aseme."

Mke wangu alielewa. Akamshika mtoto vizuri begani.

"Arubaini nzima ufunguo wa mlango ulikuwa kwenye pindo la kanga yako," alisema. "Nilitokea wapi? Kwenye tundu la panya?"

"Arubaini imekwisha zamani. Binamu yako wa Mkwaja, alileta nini mwezi ule?"

"Kapu la ng'onda za papa na nazi. Ulizila weye mwenyewe, ukasema tamu."

"Akakaa kutwa."

"Alikuwa akingoja lori! Alikaa barazani kwenu, mbele ya njia, na bwana kinyozi wa jirani anamwona."

"Kinyozi ana wateja wake wa kuwatazama."

Nikaingilia. Nilisema, "Sema kweli tu, yaishe."

Alinitazama muda mrefu. "Nikiisema utaijua?" aliniuliza.

Wiki ile ile niliandika talaka. Nilitaka kuandika moja. Dada akasema, "Tatu. Ukiandika moja utamrejea, nakujua." Nikaandika tatu, kwa karatasi nzuri ya ofisini, kwa mwandiko safi. Mke wangu alikuwa amesoma chuo cha Kurani kwao, akijua kusoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kama wanawake wengi wa pwani. Mimi niliandika kwa herufi za shule, kwa mazoea tu, sikuwaza. Akaigeuza karatasi huku na huku, kisha akampa dada amtafutie wa kumsomea.

"Hata talaka yangu," alisema, "umeniandikia nisiyoweza kuisoma."

Aliondoka na mtoto asubuhi kwa lori la Pangani, akiwa na kifurushi kimoja. Nilisimama mlangoni. Mtoto alikuwa amelala mgongoni mwake, na kisogo chake kilikuwa kimelowa jasho ingawa ulikuwa msimu wa baridi na upepo ulikuwa ukivuma. Nililiona lile jasho. Nikageuka nikaenda kazini.

*

Baada ya mwezi mmoja hivi, nesi yule alikuja forodhani na barua ya kuchukua kasha la hospitali. Nilimtambua kabla hajafika mezani kwangu, nikatamani karani mwingine amhudumie, lakini hakukuwa na mwingine. Nikafungua kasha. Mlikuwa na mizani ya kupimia watoto na mabakuli ya chuma.

"Wewe ndiye bwana mwenye sahihi ya mkia," alisema.

Nilicheka kwa aibu. Yeye hakucheka.

"Mtoto alisikilizwa baadaye?"

"Hapana."

"Mkubwa sasa?"

Nikamwambia kwa maneno machache, nikitazama mabakuli. Kwamba mtoto hakukua. Kwamba ilionekana amebemendwa. Kwamba mama yake nimemwacha, wako Mkwaja. Nilimaliza nikamtaka atie sahihi ya kupokea kasha. Hakuishika kalamu.

"Akinyonya," aliniuliza, "anatoka jasho kichwani?"

"Ndiyo."

"Anaacha katikati, anahema, anaanza tena, anachoka?"

"Ndiyo."

"Na hapa." Akagusa kishimo cha koo lake mwenyewe. "Panaingia na kutoka?"

"Umemwona wapi?" nilimuuliza. Nilidhani labda mke wangu alimpeleka hospitali kwa siri, na kwa sekunde moja nilikasirika. "Nani alimleta kwenu?"

"Sijamwona tangu mlipomtoa. Nimewaona wengine." Alisema hivyo taratibu, kama mtu anayeongea na mgonjwa. "Huo ni moyo, bwana. Kuna watoto wanazaliwa na tundu ndani ya moyo, na wengine mshipa wao ambao ungejifunga baada ya kuzaliwa haujifungi. Damu inapotea njia, mapafu yanajaa. Mtoto anatumia nguvu zake zote kupumua, hazibaki za kukua. Alitoka nayo tumboni. Hakuna mtu aliyempa."

Nakumbuka kwamba nilikuwa nimeshika kifuniko cha kasha na misumari yake ilikuwa imeelekea juu, na nilikikandamiza mpaka ukaniingia mmoja kiganjani, nami sikusikia maumivu. Nilikuwa nikijaribu kukumbuka uso wa mke wangu alipouliza kama kweli nitaijua.

Nesi alinichukua mpaka kwa daktari siku hiyo hiyo. Daktari alikuwa mtu wa maneno machache. Alisema hawezi kutamka ugonjwa wa mtoto ambaye hajamsikiliza. Niende nimlete haraka. Kulikuwa na dawa ya matone ya kuupa moyo nguvu, na nyingine ya kutoa maji mapafuni, na mtoto akipata nafuu, angeandika barua kwa wakubwa wake kuuliza kama kuna mahali wanapofunga mishipa ya namna hiyo. Hakuahidi. Nikamuuliza swali ambalo nilijua jibu lake. Kama angesikilizwa siku ya tatu? Akasema dawa hizo angezianza akiwa na wiki chache, kabla hajakonda, na ningekuwa nimejua ninaishi na mtoto wa namna gani. Kisha akauliza, akiwa ameshika kalamu:

"Katika ukoo wenu kuna mtoto mwingine aliyekufa mdogo namna hii?"

Nilifungua kinywa niseme hakuna.

Dada alikuwa na mtoto. Nilikuwa na miaka sita au saba. Nilimkumbuka kwa sababu nilikuwa nikimpepea kwa kipepeo cha ukili kwa ajili ya jasho lake. Hakutimiza mwaka. Na shemeji yangu alimwacha dada kabla mtoto hajafa, watu wakanong'ona, na sisi nyumbani hatukulitaja tena jambo lile. Nilikuwa nimeishi na kumbukumbu hiyo kichwani miaka yote, pamoja na kipepeo chenyewe, na haikunijia hata mara moja nilipokuwa naandika zile talaka tatu.

*

Dada alikuwa akisaga mchele wa vitumbua nilipofika. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Nilidhani atabisha. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi, nimepanga maneno. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono wake ukiwa bado juu ya jiwe.

"Jasho kichwani," alisema.

"Ndiyo."

"Wangu alikuwa akilowanisha mto."

"Nakumbuka. Nilikuwa nikimpepea."

Kisha akasema, si kwa kuuliza, "Kwa hiyo miye sikufanya."

Sikuelewa. Nikamwambia, "Dada, weye unajua kama ulifanya au hukufanya."

"Nilijua," alisema. "Miaka miwili mitatu ya kwanza nilijua. Niliapa, nikalia, nikaenda mpaka kwa kadhi. Hakuna aliyesadiki, hata mama yetu, Mungu amrehemu. Baadaye nikachoka. Nikaanza kujiuliza, pengine nilimwangalia mtu vibaya. Pengine niliota. Nikatafuta, nikatafuta, mpaka nikapata mtu mmoja aliyewahi kunisalimu kisimani, nikasema basi ni yule." Akautazama mkono wake uliojaa unga. "Miaka ishirini nimekuwa nikimwomba Mungu toba ya salamu ya kisimani."

Nilikaa chini kwenye sakafu. Sikujua la kumfanya mtu wa namna hiyo. Alikuwa amenivunjia nyumba, na aliivunja kwa chombo kile kile kilichomvunjia yake, na aliamini ananikinga.

"Yule mtoto," alisema ghafla, akimaanisha mke wangu, "aliponiambia habari ya ufunguo, miye nilijua anasema kweli. Nikamchukia kwa kuwa na jibu. Miye sikuwa na jibu."

Akainuka, akafunika mchele, akachukua baibui lake.

"Tunaondoka lini?"

Lori la Pangani liliondoka kesho yake. Tulivuka mto kwa pantoni, tukalala ng'ambo kwa sababu hapakuwa na gari, tukapata lori jingine asubuhi lililokuwa likienda kuchukua nazi. Njia nzima dada hakusema ila mara moja, aliponiuliza kama matone yale yana uchungu mdomoni. Nikamwambia sijui. Akasema atayachanganya na asali.

Tulifika Mkwaja kabla ya adhuhuri. Baba mkwe wangu alikuwa kwenye kivuli cha nyumba yake akifua makumbi ya nazi, mtu mkimya, mkulima wa minazi, ambaye siku ya harusi alinishika mkono akaniambia amefurahi kupata mkwe anayejua kusoma. Nikamwamkia shikamoo. Aliitikia marahaba bila kuinua uso. Kisha akaendelea kufua.

"Baba, tumekuja kumchukua mtoto," nilisema. "Tumempata daktari."

Alipiga kumbi mara mbili tatu.

"Tulimzika juzi asubuhi," alisema.

Juzi. Juzi asubuhi nilikuwa nimesimama mbele ya daktari nikiuliza maswali. Dada alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mwingine, akaketi pale pale mchangani.

Tulikaribishwa, maana wale walikuwa watu wenye adabu. Tukapewa maji. Mama mkwe hakutoka. Baada ya muda mke wangu, nitamwita hivyo ingawa haki ya kumwita hivyo sikuwa nayo, alikuja akasimama nyuma ya pazia la mlango. Niliona vidole vya miguu yake tu.

"Umekuja kuniambia nini?"

Nikamwambia. Moyo, tundu, mshipa, damu iliyopotea njia. Sauti yangu ilikuwa ikitoka vipande vipande. Nikamwambia kwamba mtoto alizaliwa nao, kwamba nesi aliona dalili siku ya pili na akaniomba ningoje, na mimi ndiye niliyekataa kungoja.

"Alikuomba?" aliuliza. "Siku ile? Miye nipo pale kitandani?"

"Ndiyo."

"Hukuniambia."

"Sikukuambia."

Vidole vya miguu vilisogea kidogo nyuma. "Kwamba si miye, nilijua," alisema. "Hilo hukunipa weye. Lakini hapa kijijini wamelisikia lile neno. Lilinitangulia kabla lori halijafika. Binamu yangu hapiti tena njia hii, mkewe amerudi kwao. Kama una la kusema, usiniambie miye ndani. Waambie wao nje."

Baada ya sala ya alasiri nilisimama mbele ya msikiti. Watu walikuwa wakivaa viatu. Nilisema kwamba mwanangu aliyezikwa hapa alikufa kwa ugonjwa wa moyo aliozaliwa nao, kwamba mama yake hakutenda kosa lolote, kwamba mimi nilimsingizia, na nilikuwa na njia ya kujua tangu siku ya pili nikaikataa. Wengine walitazama chini. Mmoja akauliza moyo unatobokaje bila mtu kuutoboa, na mwenzake akamwambia anyamaze. Binamu yake alikuwepo. Nilipomwona nilimwendea nimshike mkono. Aliuacha mkono wangu hewani, akavaa kiatu cha pili, akaenda zake.

Dada aliingia uani kwa wanawake. Sikusikia alichowaambia. Nilimsikia tu mmoja wao, mzee kwa sauti yake, akisema kwamba na yeye alikuwa na mtoto wa namna hiyo.

Kesho yake baba mkwe alinionyesha kaburi, akasimama mbali kidogo nilipokuwa nikiomba dua. Lilikuwa fupi kuliko mkono wangu na bega. Niliomba kuzungumza na mke wangu mara ya mwisho. Jibu lililetwa na mama yake: amesikia, nenda salama. Eda ilipokwisha aliolewa na mtu mwingine, akazaa, wakaishi. Talaka zilikuwa tatu, na hata zingekuwa moja, sidhani kama angerudi.

Nilipokubali maneno ya dada pale hospitalini, nilidhani natoa siku moja. Nilitoa binti aliyeishi miezi sita bila mtu hata mmoja kukisikiliza kifua chake, na mpaka leo sijui lilikuwa tundu au mshipa. Nilitoa mke ambaye hakunikosea kitu. Sikumwosha mwanangu, sikumbeba, sikumtia kaburini. Sikupata mtoto mwingine.